Mstari wa Mama Diane

Ukimuuliza Thacienne yeye ni nani, atakwambia ni mama Diane, basi, halafu atakuuliza kama umekula. Hapo habari zake zimekwisha na wewe umeshawekewa sahani ya maharage. Kwa hiyo nitasema mimi, Raheli, jirani yake wa Quakers Hill hapa Sydney, Australia, Mtanzania mwenye mdomo. Warundi wa mtaa huu wanajua kwamba nikishaanza hakuna wa kuninyamazisha.

Alizaliwa Burundi, akakulia katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, mkoani Kigoma. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili, ndiko alikoolewa, na ndiko alikotokea siku aliyopanda ndege kuja Sydney, Diane akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Diane sasa ni msichana wa chuo. Kiswahili anakielewa chote, umbea hasa, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Mama mtu anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Rooty Hill: anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani, anawaimbia. Ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, na kicheko chake hufika mlangoni kabla yake. Nampenda, sifichi. Wako watu unaowapenda kwa sababu walikusaidia, na wako unaowapenda kwa jinsi walivyo tu. Yeye nampenda kwa yote mawili.

Mumewe Melchior ni mtu wa namna nyingine kabisa. Anaendesha foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, katika ghala moja kule Ingleburn, mwendo mrefu kutoka kwetu, na maneno hana. Nimewahi kukaa naye sebuleni nikimsubiri mkewe mpaka chai ikapoa, na yote aliyoniambia ni "Karibu" na "Mvua." Mwanzoni nilidhani ananichukia. Baadaye nikaambiwa kwamba siku ile alinichangamkia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini huo mshindo wa Melchior tuliungoja miaka na miaka. Kiingereza ndiyo kabisa. Mtu wa benki akipiga simu, Melchior anampa Diane simu hata kama Diane yuko bafuni.

Jina la Thacienne lilipata kujulikana kwa sababu ya msiba. Mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake huko Burundi, na kama ilivyo desturi watu wakaja kukaa matanga nyumbani kwake. Kwetu msiba ni watu. Mtaa ukajaa magari, mengine yamepanda kwenye majani ya wenyewe, nyimbo za kanisani tangu mchana, na jirani mmoja Mzungu akapeleka malalamiko halmashauri. Wanaume wakakutana kujadili tufanyeje. Wakajadili, wakanywa chai, wakajadili. Thacienne yeye akachukua sahani ya sambusa, akaenda kumgongea yule jirani. Akamweleza kwa Kiingereza chake alichojifunza kwa vikongwe kwamba mama amekufa mbali na mtoto hana namna ya kwenda kumzika, kwa hiyo tumekuja kumlilia huku huku. Jirani akatokwa machozi. Kisha Thacienne akaenda halmashauri mwenyewe, akarudi tena, akarudi tena, hadi tukapewa ruhusa ya kutumia ukumbi mdogo wa Rooty Hill kwa ajili ya misiba bila kungoja zamu. Tangu hapo mtu akifiwa, simu ya kwanza ni kwa mchungaji na ya pili ni kwa mama Diane.

Sasa, katika ile nyumba ya wazee kuna bibi mmoja wa El Salvador anayeitwa Doña Mercedes. Binti yake, Rosalba, ni mwalimu wa shule, aliletwa Australia akiwa mtoto mdogo wakati wa vita vya kwao. Mwaka ule wa uchaguzi wa halmashauri, Rosalba alikuwa anagombea udiwani akiongoza kikundi cha wagombea wasio na chama, na alitaka wa pili wake kwenye orodha awe mtu wa jamii ya Kiafrika. Alimwambia Thacienne jambo hilo wakati Thacienne anamchana mama yake nywele. Thacienne akacheka, akaendelea kuchana. Alipoona mwenzake hacheki, akashusha kitana.

Aliyejibu kwanza ni Doña Mercedes. Alisema kitu kwa Kihispania, na Rosalba akakitafsiri huku uso umemwiva: siasa si kazi ya mwanamke, na yeye Mercedes, Mungu akimpa uzima, hatampa kura binti yake wala mwanamke mwingine yeyote. Halafu akamwomba Thacienne amalizie nywele.

Thacienne alisema hawezi kujibu peke yake. Kwao mtu hajitumi, hutumwa. Akasema jumuiya ndiyo itakayoamua, na Rosalba akaomba kuja kutuona.

Alikuja jikoni kwa Thacienne, nami nikaitwa kwa sababu ya Kiingereza changu na, naamini, kwa sababu ya mdomo wangu. Nikamhakikishia kila kitu. Nikamwambia asihangaike, Waafrika wa upande huu tutampa Thacienne kura zote, na wanawake wote tuko naye, hilo halina mjadala. Rosalba alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Na mimi niliambiwa hivyo hivyo," akasema. "Gombea, Rosalba, Walatino wote ni wako! Nikauliza, Walatino gani?"

Akaanza kutuhesabia kwa vidole hao watu wa Amerika ya Kilatini. Kuna Wachile waliomkimbia jenerali, na kuna Wachile waliotangulia kuja, waliowakimbia wale ambao jenerali aliwapindua, na hao mpaka leo hawakai meza moja harusini. Kuna Wasalvador walokole na Wasalvador waliokuwa msituni na bunduki. Vijana wa Kolombia wamejaa mjini, lakini ni wanafunzi, kura hawana. Kuna Waargentina wanaokasirika ukiwaita Walatino. Na habari ya mwanamke ndiyo usiseme. Alipogombea mara ya kwanza, aliyembebea mabango juani ni mzee mmoja fundi bomba wa Uruguay, mtu ambaye mpaka leo anaamini mwanamke hapaswi kuendesha gari akiwa na mume ndani. Na aliyemnyima kura ni shangazi yake mwenyewe, msomi, mwenye shahada mbili.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Alisema, yule mwanamume mpinzani wako simjui vizuri, lakini wewe nakujua mno."

Thacienne alicheka ile ya kushika mbavu. Mimi nikasema nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, nikamtafsiria Rosalba nijuavyo, akasema methali hiyo angeibandika mlangoni kwake. Ila moyoni nilijiambia hayo ni ya Walatino. Sisi tunajuana.

Jumuiya yetu ni ya Warundi kwa wingi, Wakongo kiasi, na sisi Watanzania tuliojibandika kwa ajili ya Kiswahili na pilau. Habari ilipowafikia, Mzee Venant akasema naye yuko tayari kutumwa. Hapo ndipo shida ilipoanza.

Msimchukie Mzee Venant, mimi mwenyewe nilijaribu nikashindwa. Kambini alikuwa mwalimu, amewafundisha kusoma nusu ya Warundi wa Sydney, anazungumza polepole na hasahau jina la mtoto wa mtu. Zaidi ya hayo, ndiye aliyekuwa mshenga wa Melchior. Melchior alifika kambini akiwa hana baba. Siku ya kumposa Thacienne, aliyesimama mbele ya wazee wa msichana, akawabembeleza, akajibu vijembe vyao, akaapa kwa niaba ya kijana aliyekaa kimya nyuma yake, ni Venant. Mrundi hamsahau mtu wa namna hiyo. Ni baba kuliko baba. Na sasa huyo ndiye anayeshindana na mke aliyemposa yeye.

"Sina ubaya na mke wetu," alisema baada ya ibada, mikono nyuma. "Ni mama ya watu. Lakini kwetu tunasema kuku jike haiwiki mahali jogoo iko."

"Jogoo akiwa amelala je, mzee?" nikamuuliza.

"Mama Raheli," akasema kwa upole mwingi, "jogoo hii imeamka mapema kuliko wewe."

Sote tulicheka, na yeye pia. Thacienne alicheka kidogo. Alikuwa anamwangalia mumewe, na mumewe alikuwa anaangalia viatu vyake.

Lazima nieleze namna jumuiya hii inavyochagua watu, maana Rosalba alipoambiwa hakuamini. Hakuna karatasi. Ni mtindo waliotoka nao kambini. Wagombea wanasimama wakiwa wameelekea ukuta, hawaoni nyuma. Anayemtaka mgombea anakwenda kusimama nyuma yake, na kila mmoja anaweka mkono begani mwa aliye mbele, ili mtu asiruke mstari katikati ya kuhesabu. Rosalba aliuliza kwa nini wasipige kura ya siri kama watu wengine. Venant akamjibu kwamba kura ya siri ni ya watu wasioaminiana.

Uzuri wa mtindo huo ni kwamba hakuna wizi. Ubaya wake ni kwamba watu wote wanaona mkono wako uko begani mwa nani.

Kwa hiyo neno lilikuwa moja tu mtaani, hata kwenye foleni ya nyama: Melchior atasimama wapi? Akimsimamia mke, amemvunjia mshenga heshima mbele ya kanisa zima. Akimsimamia mshenga, basi mwanamke atakwenda kuwaomba Wazungu kura huku mumewe mwenyewe amemnyima. Thacienne alikiri hilo kwangu tukiwa garini.

"Kushindwa naweza, dada," akasema. "Lakini Baba Diane akinikataa mbele ya watu, sitaweza kutoka nyumbani. Nitavaa uso gani?"

"Umemuuliza?"

"Namna gani namuuliza? Anajua."

Mimi nikazunguka kwa akina mama kukusanya watu, nikiwa na uhakika wangu wote. Nikaanza na Anésie, kiongozi wa kwaya, rafiki wa Thacienne tangu kambini. Akaniambia atampigia makofi, atamwombea, lakini hatasimama kwenye mstari wake. Nikadhani ni mambo ya jogoo. Hapana. "Akikuwa diwani," akasema, "nani atakuja kwa misiba yetu? Watatuchukulia. Mimi namtaka hapa." Nikaenda kwa Dorothea, Mtanzania mwenzangu, muuguzi, mwanamke ambaye angeweza kuongoza nchi na kumwambia rais anyamaze. Akasema Thacienne hana elimu ya kutosha, tutachekwa. Nikatoka kwake nimevimba kama andazi. Walioniambia ndiyo bila kuuliza swali walikuwa vijana wawili wa Kikongo wa timu ya mpira, na sababu yao ni kwamba Thacienne aliwahi kuwapikia.

Siku ya kuchagua ilikuwa Jumapili, baada ya ibada, katika ukumbi ule ule wa Rooty Hill. Rosalba alikaa nyuma, mkoba magotini, kama mtu aliyealikwa harusi ya watu asiowajua. Venant alivaa suti yake ya rangi ya kahawa. Thacienne alivaa imvutano, lile vazi la Kirundi la kuvuka bega, la kijani, na alikuwa amependeza mpaka nikatamani kulia kabla hata ya kuanza. Wakasimama wote wawili wakiangalia ukuta.

Kwa muda hakuna aliyetoka. Kuwa wa kwanza ni kazi. Nilitaka kwenda mimi, lakini nilitaka pia aanze Mrundi, isije ikasemwa Watanzania wanawaletea mambo. Aliyetoka ni Mzee Kubwimana. Huyu ni mzee ambaye hata salamu ya mkono hampi mwanamke. Anainua fimbo kidogo, umeshasalimiwa. Sote tulijua anakokwenda. Akatembea na fimbo yake polepole, akampita Venant, akaweka mkono begani mwa Thacienne. Nikasikia watu wanavuta pumzi. Mkewe alifia katika ile nyumba ya wazee, na aliyemfumba macho ni Thacienne. Sidhani kama mzee alibadili maoni yake juu ya wanawake hata chembe. Alimsimamia huyu tu.

Baada ya hapo ukumbi ukavurugika kwa raha. Dorothea kwa Venant. Vijana wa mpira kwa Thacienne. Anésie alikaa kwenye kiti amejikunyata, hakwenda popote, machozi yanamtoka. Mchungaji kwa Thacienne, wazee wake wa kanisa kwa Venant. Nella, mke wa Venant mwenyewe, alitembea taratibu, kitambaa kichwani, akasimama kwa Thacienne. Mtu akashindwa kuvumilia, akapiga kelele, "Mzee, umeporwa!" Venant akageuka, jambo ambalo ni kosa, akamwona mkewe.

"Mpaka nyumbani kwangu!" akasema, na ukumbi mzima ukacheka, yeye mwenyewe akicheka kuliko wote, akarudi kuangalia ukuta.

Thacienne alicheka naye bila kugeuka. Alikuwa hajui nani yuko nyuma yake.

Ndipo Melchior alipoingia. Alitoka kazini moja kwa moja, amelivaa lile koti la ghalani la rangi ya chungwa linalong'aa, kwa hiyo hata angetaka kujificha asingeweza. Alisimama katikati, kofia mkononi. Mistari ilikuwa inakaribiana kwa urefu. Mimi nilikuwa katika mstari wa Thacienne, mkono begani mwa kijana wa mpira, nikawa namwita kwa macho: njoo, baba, njoo, njoo. Aliniona. Akashusha macho, akaenda kusimama mwisho wa mstari wa Venant.

Kama si mkono wangu kuwa kazini, ningemtupia kiatu.

Thacienne alishinda kwa watu wachache. Vigelegele vikapigwa, akageuka na kicheko chake kile, akaanza kuangalia nyuso, moja, nyingine, akamshika Mzee Kubwimana fimbo maana mkono hatoi, akamkumbatia Nella. Halafu akaliona koti la chungwa upande wa pili. Kicheko hakikuondoka usoni, lakini aliacha kuangalia nyuso. Venant alimpa mkono, akampongeza vizuri, kwa heshima kabisa. Melchior alikuwa ameshatoka kwenda kuwasha gari.

Kesho yake nilimuuliza nini kilitokea nyumbani.

"Nilimwekea chakula," akasema.

"Na yeye?"

"Alikula. Akasema, 'Yule ni mshenga wangu.' Akaosha sahani, akalala."

"Ndiyo hayo tu?"

"Kwa Baba Diane hiyo ni mengi." Akajaribu kucheka, ikashindikana. "Mimi sina hasira, dada. Ninamjua. Lakini watu yote waliona. Nikigonga mlango ya mtu nimwambie nichague, roho yangu inaniambia, kwanza mwambie mume wako."

Siku hizo alitaka kujitoa. Rosalba alimsihi, mimi nilimgombeza, Diane alimwambia kwa Kiingereza kwamba baba amekosea na yeye atamwambia hivyo, akakatazwa. Kilichomzuia Thacienne kujitoa si sisi. Alisema ametumwa, na aliyetumwa harudi njiani. Basi akaendelea, akigonga milango ya watu jioni baada ya kazi, na ile furaha yake ameiacha nyumbani. Melchior alikwenda Ingleburn na kurudi. Nilipokutana naye langoni nilimpa "Mvua" yake nikapita.

Huku kupiga kura ni lazima, usipopiga unatozwa faini, kwa hiyo Jumamosi ya uchaguzi kila mtu anatoka, mwenye hamu na asiye na hamu. Kituo chetu kilikuwa shule moja ya Quakers Hill. Uwanjani wazazi wa shule wanachoma soseji na vitunguu wanauza ndani ya mkate, na nje ya lango watu wa kila mgombea wanasimama kukugawia karatasi zenye picha. Nikwambie matokeo kabisa, usikae ukiyangojea: Rosalba aliingia, Thacienne hakuingia, wa pili kwenye orodha kura huwa hazimfikii kirahisi. Ila asubuhi ile hatukujua hayo, na hata tungejua, si hayo ninayotaka kuyasema.

Tulikuwa watatu langoni, Thacienne, mimi na Diane. Thacienne alikuwa anagawa karatasi kama mtu anayeomba radhi. Mtu akikataa anasema asante, akipokea anasema asante. Nikaona gari lao linaegeshwa ng'ambo. Akashuka Melchior. Hakuvaa koti la ghalani. Alivaa suti nyeusi, ile ya harusi za watu na mazishi, na tai. Akavuka barabara, akaja mbele ya mkewe. Akanyoosha mikono yote miwili. Thacienne hakuelewa. Melchior akalichukua fungu la karatasi kutoka mikononi mwake, akaenda kusimama langoni.

Wa kwanza kupita alikuwa mama mmoja wa Kizungu na mbwa. Melchior akamzuia njia, mwanamume mzima ametokwa jasho kwenye baridi.

"Please," akasema. "My wife." Akaonyesha picha, kisha akageuka akamwonyesha Thacienne mwenyewe, asije yule mama akadhani ni mwingine. "Number two. Good woman. Very good."

Yule mama akamwangalia, akamwangalia Thacienne, akapokea. Diane alikuwa ameshika mdomo. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa Diane. Akaja mwingine, akaambiwa yale yale. Akaja Mhindi na familia yake, wakaambiwa yale yale mmoja mmoja, hadi mtoto. Akaja kijana na vitu vya kusikilizia muziki masikioni, Melchior akangoja avitoe. Miaka yote nimemjua mtu huyu na sikuwahi kumsikia akimwanza mgeni kwa Kiingereza, na asubuhi hiyo hakumwachia hata mmoja apite hivi hivi.

Karibu na mchana wakaja Mzee Venant na Nella, wamevaa vizuri kama wanakwenda kanisani. Venant alipomwona Melchior langoni na karatasi mkononi, akasimama. Watu wa jumuiya waliokuwa kwenye soseji wakaacha kutafuna. Anésie alikuwepo, Dorothea alikuwepo. Hapakuwa na ukuta wa kuangalia, kila mtu alimwona mwenzake.

Melchior aliinama kidogo, akamtolea mshenga wake karatasi kwa mikono miwili. Angeweza kusema Kirundi. Alisema Kiswahili, na nadhani alitaka sisi wote tusikie.

"Mshenga, siku ile kambini ulisema wewe, mimi nilinyamaza. Ulinisemea, nikapewa mke. Kwa ukumbi nilikuja kwako kwa sababu ya siku ile, na siku ile sitaisahau. Lakini leo ninasema mimi mwenyewe. Huyu ni mke wangu. Ninakuomba kura yake."

Nella alikuwa anaangalia chini, anatabasamu. Kisha mzee akanyoosha mikono yake miwili, akaipokea karatasi, akaiangalia ile picha kwa muda.

"Melchior," akasema, "siku ile kama ungejua kusema hivi, usingenihitaji."

Akaikunja karatasi, akaiweka mfuko wa ndani wa koti, akaingia na mkewe. Alimpigia nani, hilo analijua yeye na Mungu wake.

Nikageuka kumtafuta Thacienne. Alikuwa amejifunika uso kwa karatasi zilizobaki, zile zenye uso wake mwenyewe, na mabega yanatikisika. Nikamwambia ajifute, watu wanakuja, mgombea halii langoni. Akajifuta kwa ncha ya kitambaa. Akaenda kusimama upande wa pili wa lango, mumewe upande huu, yeye upande ule, na kila aliyeingia kupiga kura mchana ule ilimbidi apite katikati yao.